Maiti Anayesaidia Kubebwa

Tarehe 4 Machi

Unyoya,

Kosa wanalofanya watu wengi wanapotazama baleti ni kudhani kwamba mwanamume ndiye anayembeba mwanamke. Wanamwona msichana yuko juu, mikono imefunguka, uso umetulia, na chini yake jamaa amesimama wima, basi wanaambizana: tazama nguvu za yule bwana. Wewe na mimi tunajua sivyo. Mwanamke anaruka. Kazi ya mwanamume ni kuupokea ule mruko unapokaribia kuisha, kuusogeza juu kidogo, halafu kuuchelewesha kushuka. Msichana asiporuka, hata jamaa awe na kifua kama mlango wa ghala, hatamwinua. Atamburuta tu, na watazamaji watacheka.

Naanza na maelezo haya, ambayo unayajua kuliko mimi, kwa sababu barua yako imenichekesha peke yangu mezani mpaka binti yangu akatoka jikoni kuuliza, "Baba, kuna nini?" Nikamwambia kwamba mchezaji aliyesifiwa na magazeti yote kwa kuwa mwepesi kama unyoya sasa anagombezwa kwa wepesi huo huo. Akasema, "Huyo anatafuta sifa tu." Usimjali. Bango lako la filamu ya malkia bado liko ukutani chumbani kwake, lile linalokuonyesha umesimama dirishani.

Ngoja nihakikishe nimekuelewa. Umekubali kuwa mama katika mchezo wa kuigiza, jukwaani, si kwenye filamu. Mama huyo anafia kitini mbele ya watu, na mwanawe anamnyanyua na kumpeleka kitandani, upande wa pili wa jukwaa, bila muziki na bila neno. Na kila kijana anapokunyanyua, wewe unapaa. Mwongozaji amemwambia mshonaji wa maleba asikate kitambaa cha gauni la mama mpaka aone kama utapata uzito. Usipoupata, nafasi atapewa yule anayecheza shangazi. Na unaitaka nafasi hii kuliko ulivyowahi kutaka kitu chochote tangu uache kucheza, kwa sababu katika filamu zako zote walikutaka usimame vizuri, na hii ni kazi ya kwanza ambayo hakuna aliyekuomba usimame.

Kama ndivyo, tatizo ni la mwili, na mwili unafundishika. Wako umezoea hivi: mtu akikushika, pumzi inaingia, tumbo linakaza, na tayari umeruka kabla hujaamua kuruka. Basi fanya kinyume. Kijana anapopitisha mkono chini ya magoti yako, toa pumzi yote. Mtu asiye na pumzi haruki. Tulikuwa tukiwakemea wanafunzi kwa kosa hilo. Wewe lifanye kwa makusudi.

Leo nimekumbuka kile chumba chetu cha mazoezi juu ya kiwanda cha uchapaji. Mitambo ikianza kazi chini, sakafu inatetemeka, na Mama Kinanda, mpiga piano wetu, anapiga kwa hasira zaidi ili aisikie piano yake mwenyewe. Siku ya kwanza nilipopangwa nawe ulinitazama bega hadi bega ukasema, "Wewe nguzo, utanidondosha?" Nikasema, "Sijui, tujaribu." Jina likanibakia mpaka leo.

Niandikie ukishajaribu.

Kaka yako,
Nguzo


Tarehe 12 Machi

Shikamoo Kaka Nguzo,

Nimetoa pumzi mpaka nikaona nyota, na bado nimepaa.

Huyu kijana anayecheza mwanangu ni mtoto mzuri, mpole, ana mikono mikubwa. Aliponiweka kitandani akaninong'oneza, "Mama, samahani, lakini ni kama nasukuma baiskeli yenye injini." Nikacheka, na maiti hacheki, kwa hiyo tukarudia. Mwongozaji akavua miwani. Kila akivua miwani tunajua kuna mtu ataumia.

"Mama," akaniambia, "umekufa. Nakubali umekufa vizuri, uso umekufa, mikono imekufa. Lakini maiti hasaidii kubebwa."

Chumba kizima kilicheka. Shangazi alianza kucheka wa mwisho akamaliza wa mwisho.

Tunafanyia mazoezi kwenye ukumbi wa shule uliofungwa. Viti vimepangwa juu ya viti, na sakafuni wamebandika utepe mweupe kuonyesha ukuta uko wapi, mlango uko wapi, kitanda kiko wapi. Nimeishi miaka mingi bila kukanyaga chumba cha aina hii, na nilipoingia siku ya kwanza nikanusa vumbi, nta na jasho la watu wengine, goti likaniuma kwa furaha. Filamu hazina harufu. Unakaa kwenye gari, unapakwa rangi, unaitwa, unasimama mahali walipoweka alama, unatazama nje, wanasema asante. Nimekuwa malkia, nimekuwa mke wa waziri, nimekuwa mjane tajiri mara nyingi mpaka wajane wenzangu wananisalimu sokoni. Kaka, nimetazama nje ya madirisha mengi kuliko fundi wa vioo. Na kila mara waliandika sifa ile ile: jinsi anavyosimama! Hakuna aliyeandika hata mara moja kwamba niliwahi kusema jambo.

Mama huyu wa kwenye mchezo hasimami vizuri. Anakaa ameinama, anachambua nguo za kufua, anamgombeza mwanawe kuhusu soksi, halafu anakufa katikati ya sentensi. Niliposoma nilijua huyu ni mimi. Siwezi kukueleza kwa nini, maana sina mtoto na soksi zangu nafua mwenyewe. Lakini akipewa mtu mwingine, nitarudi dirishani, na nadhani safari hii sitatoka tena.

Unasema mwili unafundishika. Wa kwangu ulifundishwa kupita kiasi. Miaka yetu ile ya mwisho nilikuwa naruka sana kuliko ilivyotakiwa, na mwili hausahau kazi ya aina hiyo.

Unakumbuka nyayo zetu zilivyokuwa nyeusi kwa wino wa wale wachapaji? Tulikuwa tukipanda kitandani na habari za jana miguuni.

Nisaidie tena.

Mdogo wako,
Unyoya


Tarehe 19 Machi

Unyoya,

Marahaba. Kabla ya ushauri, kuna jambo siwezi kuliacha lipite. Umeandika kwamba miaka ya mwisho uliruka kuliko ilivyotakiwa. Hapana, mdogo wangu, hapo kumbukumbu inakuchezea. Miaka ile ndiyo niliyokuwa na nguvu kuliko wakati wowote. Hukumbuki msimu uliofuata ile safari ndefu ya basi? Ulikuwa ukiondoka chini kama ndoto. Mnyanyuo wa mwisho, ule wa mkono mmoja, nilikuwa naufanya huku nikifikiria chakula. Gazeti moja liliandika kwamba nimegeuka chuma.

Sasa kwa kuwa wote tumezeeka, naweza kukupa kichekesho. Hukuwahi kujua kwamba kabla ya msimu ule bega langu la kulia lilikuwa limeharibika. Liliteguka nikishusha sanduku la maleba kutoka juu ya basi. Nikalirudisha mwenyewe nyuma ya gari, nikafuta machozi, nikarudi kwenu napiga mluzi. Sikumwambia mtu. Mkurugenzi angenitoa siku hiyo hiyo na kumweka yule Mnara akunyanyue, na unamjua Mnara. Ile harufu ya dawa ya kuchua iliyokuwa inakukera, nikakwambia napaka magotini, haikuwa ya magotini. Niliingia katika msimu ule nikiogopa kila jioni kwamba leo ndiyo siku nitakayokuinua na bega likatae. Halafu pazia likafunguka, nikakushika, na ukapanda! Sikuamini. Nikajua bega limepona lenyewe, kama mafua.

Niliwaficha wote: mkurugenzi, mshonaji, Mama Kinanda, na wewe mwenyewe uliyekuwa mikononi mwangu. Kwa hiyo usijisifu sana na filamu zako. Mwigizaji wa kwanza katika kundi letu nilikuwa mimi.

Haya, turudi kwenye maiti. Pumzi haikutosha, basi tuanze na kichwa. Sisi tulifundishwa kwamba kichwa ndicho cha mwisho kushuka. Mwili ukikunjika, kichwa kinabaki juu kama mwenye nyumba anayetazama wageni wakiondoka. Mtu aliyekufa hana mwenye nyumba. Kiache kichwa kiende kwanza, na shingo isikifuate kukitafuta. Kichwa ni kizito kuliko tunavyodhani, na kikishaondoka vingine vinakifuata.

Binti yangu anasema nikwambie kwamba akija mjini kwenu atataka tiketi ya bure. Nimemwambia maiti hatoi tiketi.

Kaka yako,
Nguzo


Tarehe 24 Machi

Shikamoo Kaka,

Nimesoma. Nimefurahi kwamba bega lilipona.

Nilikiacha kichwa. Kikampiga mwanangu kidevuni, akajiuma ulimi, mazoezi yakasimama tukatafuta barafu. Aliporudi alinibeba kwa uangalifu kama sahani ya mchuzi, na mimi, kwa kumwonea huruma, nikapaa kuliko siku zote. Mwongozaji hakuvua miwani. Hilo limenitisha zaidi.

Jana mshonaji alimpima Shangazi kiuno na mabega. "Ni tahadhari tu," akaniambia, huku hanitazami. Alikuwa ameshika kitambaa chenyewe, cha kahawia, kizito, bado kimekunjwa kama kilivyotoka dukani.

Usikae sana kwenye habari za msimu ule, Kaka. Ni za zamani, na walioziona wengi hawapo.

Unyoya


Tarehe 2 Aprili

Unyoya,

Ulinikataza kukaa kwenye habari za msimu ule, na mimi nikikatazwa jambo na wewe nalifanya kesho yake. Nilikichukua kile kipande cha gazeti kilichoniita chuma, nilichokitunza, nikakipeleka kwa Mama Kinanda. Anaishi mtaa wa tatu kutoka kwetu, ghorofa ya chini, na piano yake imegeuzwa meza ya maua, ingawa maua yenyewe hayamwagilii maji. Macho hayaoni vizuri, kwa hiyo nikamsomea. Nilipofika kwenye chuma, akaguna.

"Mama," nikamwambia, "unakumbuka nilivyokuwa nikimnyanyua yule?"

"Nakumbuka tulivyokuwa tukikunyanyulia."

"Nani?"

"Sisi sote. Wewe na bega lako bovu."

Nilidhani ni umri unaongea. Akaniamuru nitoe maua. Nikatoa. Akakaa, akapiga kile kipande kinachotangulia mnyanyuo wa mwisho, kama kilivyoandikwa. Kisha akasema, "Sasa sikiliza nilivyokupigia wewe," akakipiga tena. Nilikisikiliza maisha yangu yote, Unyoya, na sikuwahi kukisikia. Kabla ya ile noti ya juu alikuwa anasubiri. Si sana, ni kama mtu anayesita mlangoni. Nikamuuliza anasubiri nini.

"Yeye," akasema. "Alikuwa anakunja magoti mpaka chini kabisa, kama anayeokota sindano. Ilibidi nimpe muda wa kutoka huko. Alikuja kwangu akaniomba, akaniapisha nisikwambie."

"Mlijuaje?"

"Bega linaongea, baba. Wewe ulidhani unatabasamu, kumbe unasaga meno."

Anasema mshonaji alikushonea kiuno kigumu zaidi ili nikushike bila kubana vidole. Anasema Mnara alijua, na akanyamaza, jambo ambalo siwezi kulielewa kabisa. Anasema hata marehemu mke wangu alijua. Kundi zima lilinibeba msimu mzima, na msimu uliofuata, na mimi nikakata gazeti nikaweka kwenye bahasha.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Kwa siku kadhaa sikujua nikushukuru au nikununie, na ukweli ni kwamba nilinuna. Halafu nikaanza kufikiri kama mwalimu. Mruko wa kina namna ile, kila jioni, juu ya mguu mmoja. Goti gani linavumilia? Wewe uliacha kucheza mwisho wa msimu wa pili. Uliniambia ni ile sakafu ya saruji kwenye ukumbi wa mwisho wa safari. Nilikwenda mimi mwenyewe kumgombeza mwenye ukumbi!

Nakuuliza mara moja tu, na nataka jibu la mtu mzima kwa mtu mzima. Ilikuwa sakafu?

Nguzo


Tarehe 7 Aprili

Kaka Nguzo, shikamoo,

Sakafu ilikuwa mbaya. Hiyo ni kweli, na yule bwana alistahili kugombezwa. Lakini goti lilikuwa limeanza kulia kabla hatujafika kwake. Daktari alisema sababu huwa nyingi. Yeye alizijua nyingi. Mimi niliijua moja.

Usianze kujilaumu, maana nakujua, utakuwa umekaa mezani unaandika somo zima la kujilaumu. Hukuniomba. Na mimi sikufanya kwa huruma, tafadhali. Nilifanya kwa ubinafsi kabisa. Wangekutoa wewe, ningepewa Mnara, na Mnara alikuwa akihesabu kwa sauti! Ningemaliza ujana wangu nikiwa hewani huku mtu chini ananihesabia kama mwenye duka. Wewe ulikuwa hunihesabu. Nilipokuwa juu nilisikia unapumua tu, na nilijua kwamba hata iweje utakuwa pale nikishuka. Kwa ajili ya hilo ningeruka kwa mguu mmoja, na ndivyo nilivyofanya.

Kuna jambo ambalo sikulijua mpaka nilipokuwa nakuandikia maneno hayo hapo juu. Sijawahi kubebwa, Kaka. Watu walilipa waje wanione nikibebwa, na sijawahi. Siku ile nilipokuona nyuma ya basi, unajifuta uso (ndiyo, nilikuona, nilikuwa nimefuata koti langu), nilijifunza kwamba nikimwachia mtu uzito wangu nitamvunja. Sasa kijana wa watu, mwenye mikono mikubwa, ananishika, na mwili wangu unamkimbilia kumwokoa kabla sijamzuia. Pumzi haisaidii. Kichwa hakisaidii. Tatizo haliko mwilini.

Kwa hiyo nimeamua. Jumatatu nitamwambia mwongozaji ampe Shangazi. Anaigiza vizuri, ana mwili wa mama, na ameshapimwa. Kuna watu wa filamu wameniletea kazi nyingine. Ni bibi wa ukoo wenye mali. Nimeuliza kama kuna dirisha. Wamesema lipo, kubwa.

Usisikitike. Tulikuwa wazuri, sivyo? Hata kama mmoja alikuwa na bega moja na mwingine goti moja, waliokuwa kwenye viti waliona watu wazima wawili.

Mdogo wako,
Unyoya


Tarehe 10 Aprili

Unyoya,

Naandika haraka ili barua hii ikuwahi kabla ya Jumatatu. Nimemwomba binti yangu aipeleke posta akienda kazini. Analalamika kwamba nimemchelewesha, lakini siku hizi analalamikia kila kitu. Juzi nimemkuta amehamisha sahani na vikombe vyote kutoka kabati la juu hadi la chini, na chumvi, na majani ya chai, eti ndio mtindo wa majiko ya sasa. Nimemwachia. Sina nguvu za kugombana na mtindo.

Sitajilaumu. Nilianza, nikafika ukurasa wa pili, nikachana.

Nataka kukueleza jambo moja tu, na nitalieleza taratibu, kwa sababu nadhani limekupita. Ulichofanya msimu ule kilikuwa sahihi kwa bega lile. Lilikuwa bovu kweli. Ungeniachia uzito wako ningekudondosha mbele za watu, na wote wawili tungeishia hapo. Hukuwa mwoga wala hukukosea. Kosa limeanza baadaye, pale ulipochukua bega langu ukaliweka kwa kila mwanamume aliyekugusa tangu siku hiyo. Umemsaidia kila mtu kukubeba, na hukuwahi kumuuliza hata mmoja kama anahitaji msaada. Huyu mwanao wa jukwaani hajui kwamba unamwona mgonjwa. Angejua, angekasirika, kama nilivyokasirika mimi.

Na sisi hatukuulizana. Wewe uliniona nyuma ya basi, ukarudi ndani. Mimi nilinusa dawa mwilini mwangu na kukwambia ni ya magoti. Tungesema neno moja tu, tungebadilisha mnyanyuo, tungeufanya wa mikono miwili, Mama Kinanda angepiga kama ilivyoandikwa, na pengine goti lako lingekuwa linapanda ngazi leo. Walimu wetu walitufundisha kuficha kila kitu kinachouma, tukawa hodari mno katika somo hilo.

Basi usiende kwa mwongozaji kwanza. Nenda kwa kijana. Muulize bega lake likoje. Akikujibu, mwamini.

Kaka yako,
Nguzo


Tarehe 19 Aprili

Shikamoo Kaka,

Barua ilifika Jumamosi. Jumatatu nilimkuta mwanangu kwenye korido ya shule, karibu na mabomba ya kunywea maji, anakariri maneno yake ukutani.

Nikamwambia, "Mwanangu, bega lako likoje?"

"Bega, Mama? Lipo."

"Nakuuliza kweli. Lina maumivu? Mgongo je? Kuna mahali panakuuma ambapo hujamwambia mtu?"

Akanitazama kama mtu anayetafuta mahali pa mtego. Kisha akasema, "Mama, kabla sijaanza kuigiza nilikuwa nikipakia simenti kwenye malori. Wewe na mfuko wa simenti, samahani, sioni wa kunisumbua ni nani."

"Kwa hiyo ni zima?"

"Zima kabisa. Mama, wewe umekuwa ukiniogopea?"

Tuliingia ndani. Nikakaa kitini, nikachambua nguo, nikamgombeza kuhusu soksi, nikafa. Akaja. Nikasikia mkono wake nyuma ya mgongo na mwingine chini ya magoti, na nikasubiri mwili wangu uondoke kwenda kumsaidia. Haukuondoka, Kaka. Ulibaki pale pale, kama mtu aliyekwisha fika nyumbani. Alininyanyua, akayumba, akarudi hatua moja nyuma, na neno likamtoka: "Loh!" Mguu wangu ukagonga kiti kikaanguka. Akanibeba hivyo hivyo, anahema, anakanyaga utepe wa ukuta, mpaka kitandani. Nilisikia moyo wake unavyopiga. Nilikuwa mzito, mzito kweli, na aliyenibeba hakuvunjika.

Nikafungua jicho moja. Mwanangu alikuwa anaomba radhi kwa ile "loh", anasema imemponyoka. Mwongozaji alikuwa ameshavua miwani, anaifuta, na hakuwa na haraka ya kuivaa.

"Hiyo 'loh' ibaki," akasema. "Na kiti kianguke kila siku."

Shangazi alinifuata chumba cha kubadilishia nguo. Akanisaidia kufunga zipu, akaniambia, "Umekufa vizuri, dada. Umeniudhi sana." Jioni mshonaji alikunjua kitambaa mezani akakipitisha mkasi. Nilisimama mlangoni nikausikiliza. Gauni halina kiuno. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kuvaa nguo ya jukwaani ninayoweza kupumua ndani yake. Watu wa filamu nimewaambia wamtafutie dirisha mtu mwingine.

Nilikuwa niishie hapo, nikushukuru, nikutumie tiketi za wewe na binti yako (zimo humu, maiti ametoa). Lakini nimeisoma barua yako tena, na kuna mahali nimesimama.

Kaka, hakuna mtindo wa kuweka majani ya chai kwenye kabati la chini. Nimeuliza hata fundi anayetutengenezea jukwaa, amecheka. Binti yako anajua kwamba mkono wako wa kulia haufiki juu tena. Amejua kwa muda, nadhani, na anafanya alichofanya Mama Kinanda, anakusubiri kidogo kabla ya noti, bila kukwambia. Anakunja magoti yake mpaka chini, kwa namna yake. Ni msichana mwema, na atafanya hivyo miaka mingi, na kitu fulani ndani yake kitaanza kulia mahali usipoweza kukisikia. Ninajua, maana nilikuwa mimi.

Akirudi kutoka kazini leo, kabla hajavua viatu, mwambie bega linauma.

Mdogo wako,
Unyoya